Mvua ya Sutherland

Watu wengi huenda kaskazini ya Uskoti kwa ajili ya kuona mbali, na picha za matangazo ya utalii huwaahidi hivyo: mlima ulio peke yake, ziwa lililotulia, na anga pana isiyo na mwisho. Majira haya ya joto mimi na mwenzangu tulikwenda kutembea Sutherland, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uskoti, na kwa sehemu kubwa ya safari mvua na ukungu havikuturuhusu kuona zaidi ya mita mia moja hivi. Mwenzangu alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa ndiye aliyebeba kamera. Mimi nililelewa Lushoto, ambako ukungu ni mwenyeji kuliko mgeni, kwa hiyo nilizoea upesi. Milima ilipofunikwa, macho hayakuwa na pa kwenda isipokuwa chini, penye njia, ukuta na jiwe, na huko chini ndiko kulikokuwa na habari ambazo picha za matangazo hazizielezi.

Mvua yenyewe haina siri kubwa. Pepo za magharibi huvuka bahari ya Atlantiki zikiwa zimebeba unyevu, hukutana na milima, hupanda, hupoa na kumwaga maji. Mkondo wa upepo wa kasi ulio juu sana angani ukishuka kusini kuliko kawaida yake wakati wa majira ya joto, mifumo ya mvua hufuatana moja baada ya nyingine juu ya visiwa hivi, na Julai hugeuka kuwa masika yasiyo na shamba la kulima. Tofauti na masika ya kwetu ni kwamba hapa mvua haina haraka. Hainyeshi kwa kishindo ikaisha, bali huanza kwa manyunyu, hukolea kidogo, hurudi kuwa rasharasha, na huendelea hivyo mpaka koti la mvua lisahau kazi yake. Pamoja na hayo yote usiku hauji. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne na nusu usiku, na hata baada ya hapo mwanga haukatiki kabisa, kiasi kwamba mtu aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili hujikuta akipika chakula cha jioni saa tano bila kuwasha taa.

Jambo moja linalowapendeza watembeaji wa Uskoti ni sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita katika sehemu kubwa ya ardhi, hata iliyo mali ya mtu binafsi, na kupiga hema, mradi asiharibu mazao, asisumbue mifugo na asivamie faragha ya nyumba za watu. Nimeifurahia haki hiyo na nitaendelea kuitumia. Hata hivyo, kila nilipovuka bonde zima bila kukutana na mtu wa kumsalimu, nilijiuliza mbona haki ya kupita imetolewa kwa ukarimu hivi mahali ambapo hakuna anayepita. Kwetu milimani njia ya miguu ina watu tangu alfajiri: kina mama wenye mizigo ya mboga wakielekea sokoni, watoto wa shule, mzee anayekwenda msibani, na huwezi kwenda robo saa bila kuulizwa habari za nyumbani. Sutherland ina mabonde yenye nyasi nzuri, mito, na ukimya.

Jibu la kwanza tulilipata Croick. Tulishuka treni kituo cha Ardgay, upande wa kusini wa mlangobahari wa Dornoch, tukatembea kilomita zipatazo 16 kufuata mto Carron mpaka kwenye kanisa dogo lililojengwa mwaka 1827, lililosimama peke yake kati ya miti michache na malisho. Mwaka 1845 wakazi wa Glencalvie, bonde la jirani, waliondolewa katika ardhi waliyokuwa wakiikodi ili mahali pao pachukuliwe na kondoo. Watu wapatao 80 hawakuwa na pa kwenda. Walikaa katika uwanja wa makaburi wa kanisa hili, chini ya kibanda cha miti kilichoezekwa kwa maturubai na kuzibwa kando kwa mablanketi, na gazeti la Times la London lilipeleka mwandishi wake akaeleza alichokiona.

Kilichobaki ni dirisha la upande wa mashariki. Vioo vyake ni vidogo, vimekatwa kwa umbo la almasi, na juu ya baadhi yavyo waliokaa nje walikwangua maneno kwa kitu chenye ncha. Herufi ni nyembamba kama unywele, na ukisimama mbele ya kioo moja kwa moja huoni kitu. Inabidi uinamishe kichwa pembeni mpaka mwanga upite kwa mshazari, ndipo mwandiko ujitokeze. Siku ile kioo kilikuwa na matone ya mvua, nikayafuta kwa kiganja na kusoma mstari mmoja mmoja. Mahali pamoja imeandikwa kwamba watu wa Glencalvie walikuwa katika uwanja huu tarehe 24 Mei 1845. Mahali pengine wamejiita wenyewe kizazi kiovu. Nilirudia kusoma maneno hayo, kwa sababu mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake na bado akaona kwamba kosa ni lake mbele ya Mungu amenyang'anywa mara mbili. Watu hao lugha yao ilikuwa Kigaeli, lakini waliandika kwa Kiingereza, bila shaka wakijua ni nani watakaokuja kusoma.

Mwenzangu alipiga picha nyingi za vioo vile na hakuna hata moja iliyoonyesha herufi.

Kutoka Ardgay treni huzunguka kupitia Lairg, hushuka pwani, kisha hugeuka tena bara. Juu ya kilima kilicho nyuma ya mji wa Golspie imesimama sanamu kubwa ya Duke wa kwanza wa Sutherland, iliyojengwa katika miaka ya 1830 baada ya kifo chake, na huonekana kutoka mbali sana siku za jua. Ni yeye na mkewe, mrithi wa ardhi hii, ambao wasimamizi wao waliwaondoa maelfu ya wapangaji kutoka mabonde ya ndani. Siku tuliyopita wingu lilikuwa limemfunika tangu kisigino hadi utosi, nami sikusikitika. Baada ya Helmsdale tulipita bonde la Kildonan, lililoondolewa watu mwaka 1813, ambako baadhi yao walivuka bahari hadi Mto Mwekundu, katika eneo ambalo leo ni Manitoba nchini Kanada. Treni haikusimama kwa muda wa kutosha hata kufungua dirisha.

Tulishuka Forsinard, katikati ya Flow Country, eneo pana la mabwawa na mboji linaloenea katika Sutherland na Caithness na lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mboji hapa ni mabaki ya mimea yasiyooza sawasawa kwa sababu ya maji mengi na baridi. Yamekuwa yakijilimbikiza tangu barafu iliyofunika nchi hii zama za kale ilipoyeyuka, na mahali pengine yana kina cha mita 10. Kutembea juu yake nje ya njia ya mbao ni kama kutembea juu ya godoro lililolowa: mguu unazama, maji ya rangi ya chai yanajitokeza, na ukiuinua mguu ardhi inavuta kiatu. Hapo nilipiga magoti kutazama mmea mdogo usiozidi urefu wa kidole, ambao majani yake mekundu yamezungukwa na vinyweleo, na kila kinyweleo kina tone linalong'aa na kunata. Tone hilo si mvua. Ni mtego, na ndani yake walikuwamo usubi kadhaa waliokwama, mmoja bado akitikisa bawa.

Usubi wa Uskoti wanastahili aya yao, ingawa fupi. Ni wadogo kuliko mbu, jike ndiye anayeuma, huzaliwa katika ardhi hii hii yenye maji, na hupenda jioni tulivu yenye unyevu. Upepo ukivuma kidogo tu hutoweka, na ukitulia hurudi kwa maelfu, wakaingia masikioni, puani na ndani ya sufuria. Mvua kubwa huwazuia, manyunyu huwachangamsha. Nilimwonea wivu ule mmea.

Hata mahali hapa panapoonekana kama hapajaguswa tangu kuumbwa kwa dunia pameguswa sana. Katika miaka ya 1980 wenye fedha walipata nafuu ya kodi kwa kupanda misonobari na miti mingine ya jamii hiyo, mboji ikachimbwa mitaro na kukaushwa mpaka serikali ilipoifuta nafuu hiyo mwaka 1988. Sasa wahifadhi wanaikata miti hiyo na kuiziba mitaro ili maji yarudi. Tulipita eneo lenye visiki vya kijivu vilivyopangwa kwa safu, na kati ya safu hizo mimea ya majimaji ilikuwa imeanza kuota upya.

Mfugaji mmoja alitupa lifti katika pikapu yake mpaka Strathnaver, mbwa wake wawili wakiwa nyuma pamoja na mabegi yetu. Alipojua tunakwenda kuona magofu alituambia, bila kujitetea na bila kuona haya, kwamba wazee wake walikuja kutoka mpakani mwa Uingereza wakiwa wachungaji wa kondoo waliochukua nafasi ya watu wale. Nao walikuwa wakitafuta riziki, alisema, na leo kondoo wenyewe wanapungua. Nilimheshimu kwa kutoficha.

Strathnaver ni bonde lililosomwa sana katika historia hii, kwa sababu ya Patrick Sellar, msimamizi wa ardhi ambaye mwenyewe alikuwa amekodi sehemu ya bonde kwa ajili ya ufugaji wa kondoo. Uhamishaji wa mwaka 1814 ulifanywa kwa kuchoma mapaa ya nyumba, na mwaka 1816 Sellar alishtakiwa Inverness kwa kuchoma nyumba na kusababisha kifo, akaachiwa huru. Kijiji cha Rosal kiliondolewa watu kati ya mwaka 1814 na 1818. Leo kimezungukwa na msitu wa kupandwa, na ndani yake kuna uwazi wa kijani wenye misingi ya mawe inayofika magotini. Ukiwa na subira unaweza kuisoma nyumba. Chumba cha watu kipo upande wa juu wa mteremko, ng'ombe walikuwa upande wa chini chini ya paa lile lile, na katikati ya sehemu yao kuna mfereji wa kutoa mkojo. Mvua ilikuwa ikishuka mteremko na kuufuata ule mfereji kama ulivyokusudiwa, ikatoka upande wa pili penye kangaga. Babu wa mwenzangu, Mchaga wa Marangu, alilelewa katika nyumba iliyolaza watu na ng'ombe pamoja, na mwenzangu alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akapima hatua za chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Hakupiga picha.

Ubao wa maelezo uliopo Rosal unaieleza historia hiyo vizuri, na jumba la makumbusho la Bettyhill, lililomo ndani ya kanisa la zamani, linaieleza vizuri zaidi. Ninachokipinga ni lugha ya utalii ambayo huyafunika haya yote kwa neno moja, pori, na kumwambia mgeni aje aone ardhi ambayo binadamu hajaifikia. Nimetoka nchi inayojua lugha hiyo. Serengeti tunayoiuza kwa dunia kama nyika ya tangu awali ilikuwa na Wamaasai wenye ng'ombe mpaka walipohamishiwa Ngorongoro mwaka 1959, na mgeni anayepanda gari la safari leo haambiwi hivyo isipokuwa akiuliza. Kuipenda mandhari si vibaya. Vibaya ni kuambiwa kwamba utupu wake ni wa asili.

Mwisho tulipanda Ben Hope, mlima wenye mita 927, ulio kaskazini kuliko yote ya Uskoti inayozidi futi 3,000. Njia huanza karibu na usawa wa bahari, hufuata kijito chenye maporomoko, kisha hutokea kwenye mgongo mpana wa mawe ambao upande wake wa magharibi hukatika ghafla kuwa jabali. Katika ukungu tulitembea kwa dira, tukiwa mbali na ukingo ule. Kileleni tulikuta nguzo ya wapima ardhi, upepo mkali uliotuondolea usubi, na weupe pande zote. Tulikula mkate na jibini tukiwa tumeegemea nguzo, tukashuka.

Chini bondeni, kando ya barabara, upo mnara wa Dun Dornaigil uliojengwa kwa mawe bila chokaa takriban miaka 2,000 iliyopita. Upande mmoja wa ukuta bado unafika mita saba, na juu ya mlango kuna jiwe moja kubwa la pembetatu linalobeba uzito wote ulio juu yake. Ndani kumejaa kifusi, huwezi kuingia. Tulijibanza chini ya ukuta huo mvua ilipoongezeka, tukaanza kubishana kuhusu safari ijayo. Mwenzangu anataka turudi Mei, mwezi mkavu kuliko mingi ya huku, kabla usubi hawajaamka, ili apate picha zake. Nimekubali Mei, kwa sharti kwamba safari hiyo tushuke Kildonan, na kwamba siku ya kwanza itumike kutembea bonde lile kwa miguu kabla ya kuutazama mlima wowote.