Siku ya 15

Masika ya mwaka 2017 nilikuwa nimekwisharudi kwenye meza yangu ya urojo, mtaa wa Ng'ambo, Unguja, lakini ulimi wa kuonjea haukuwa wangu. Ulikuwa wa mkwe wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia chumvi imetosha, embe imekolea, pilipili punguza. Mimi napika kwa mkono na kwa pua. Mionzi ya kutibu saratani ya ulimi iliniachia utamu, ikanirudishia chumvi nusu, ukali wa ndimu ukenda zake.

Siku ile mkwe wangu alikuwa kampeleka mtoto kliniki. Saa tisa alasiri mteja wa kwanza keshakaa ubaoni na sufuria inachemka njano kama kawaida yake. Nikasema moyoni, urojo wa miaka 20 huu, mkono unajua. Nikachovya ncha ya kidole cha mwisho, nikagusa ulimi.

Ikanichoma. Wala si pilipili, maana pilipili ilikuwa bado imo bakulini, sijaitia. Ilichoma mahali pamoja, ubavuni mwa ulimi, kushoto, nyuma. Pale pale.

Aliyewahi kuugua maradhi haya hana haja ya kuelezwa neno hilo. Nilimpakulia mteja, bajia mbili, kachori, kiazi, yai, chatne juu, nikamrudishia chenji yake. Kisha nikaingia ndani nikakaa juu ya kigoda na upawa mkononi.

Mwaka 2015 ubavu huo huo wa ulimi ulikuwa na kidonda nilichokaa nacho miezi minane. Kituo cha kwanza nilipewa dawa ya zambarau ya kupaka. Cha pili vidonge vya vitamini. Cha tatu nikaambiwa ni joto la tumbo. Na mimi mwenyewe sina la kujitetea, kwa sababu kidonda kilipozidi kuuma nilihamishia tambuu upande wa kulia, nikaendelea. Nimekula tambuu tangu nina miaka 19, nikianzia kwenye kijaluba cha bibi yangu: jani, chokaa, popoo, na tumbaku kidogo ya kuchangamsha. Daktari wa Dar aliponiuliza nilimjibu kwa kiburi kwamba tumbaku niliiacha zamani, nimebaki na popoo tu. Akaniambia popoo peke yake, hata bila ya tumbaku, inatosha kuleta saratani ya kinywa. Nilimchukia siku nzima.

Wakakata sehemu ya ulimi, wakatoa na tezi za shingo upande wa kushoto. Halafu Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, mionzi mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6, nikilala kwa wifi yangu Magomeni. Lile ni jengo la Wajerumani, linatazama bahari. Nilikuwa nikikaa nikingoja zamu yangu huku najua ng'ambo ya maji yale ndiko kwetu. Nikarudi Unguja sina mate, shingo ngumu kama ubao, na kithembe. Neno urojo lenyewe halinitoki sawasawa mpaka leo. Watoto wa skuli huniigiza. Nawaacha, wananunua.

Siku aliyoniruhusu, daktari alinipa sharti moja: kidonda chochote kinywani kikipita wiki 2 hakijapona, nisingoje tarehe ya kliniki, nivuke. Akanambia pia kwamba maradhi haya yakirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Alisema kwa nia njema, mtu ajue. Lakini siku ile juu ya kigoda nilikuwa na mwaka mmoja na miezi 5.

Usiku walipolala nilichukua kioo cha kunyolea cha bwana wangu na tochi ya simu. Kuona ubavu wa ulimi nyuma kule ni kazi ya mikono mitatu: mmoja kioo, mmoja tochi, mmoja wa kuuvuta ulimi kwa kitambaa, na mimi ninayo miwili. Nikaishika simu kwa kwapa. Nilikiona kwa nukta moja kabla kioo hakijaingia ukungu wa pumzi. Kilikuwa kidogo kama mbegu ya ufuta au mbili, cheupe katikati, kimezungukwa na wekundu, karibu kabisa na kovu la mshono.

Jikoni tulikuwa na kalenda ya duka moja la vyombo. Nikatia kijistari cha penseli kwenye tarehe ya siku ile. Moja.

Sikumwambia mtu. Nilijua watakavyonitazama, maana nilikwisha kutazamwa hivyo mwaka mzima. Mtu anakuuliza hujambo huku macho yake yako shingoni kwako.

Siku ya 4 sikio la kushoto likaanza kuvuta. Hapo ndipo nilipolegea, kwa sababu mara ya kwanza nalo sikio lilitangulia hivyo hivyo, nikalitia mafuta ya kitunguu thomu wiki nzima nikidhani ni upepo. Sasa nikawa siku nzima mkono uko shavuni. Usiku naipapasa shingo. Shingo iliyopasuliwa na kupigwa mionzi ukiipapasa usiku wa manane hukosi uvimbe. Kila usiku nilipata mmoja mpya. Mmoja nililia nao mpaka alfajiri, kulipokucha nikamshika mjukuu wangu shingo, naye anao, pale pale. Kifupa cha koo.

Halafu vile vijiti. Tangu mionzi taya langu limekaza, na zoezi nililopewa ni kupanga vijiti bapa vya aiskrimu na kuvitia baina ya meno, kimoja kimoja, mpaka mdomo ukatae. Nilikuwa nimefika 13, na hiyo 13 nilikuwa najivunia kama cheti. Siku ya 6 vikaingia 11. Nikavitoa, nikavihesabu upya, nikavitia. 11.

Shoga yangu mmoja, ambaye nadhani aliona ninavyolishika shavu, aliniletea karafuu za kusaga na asali nipake. Nilipaka mara moja, nikaona nyota. Yeye huyo akanihadithia habari za mtu wa Bububu ambaye yake "ilirudi ikamwishia kooni". Sijui kwa nini watu hufanya hivi. Ukipona kuvunjika mguu hakuna anayekuja kukuhadithia miguu ya watu iliyovunjika mara ya pili. Kombe pia nilikunywa, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, na hilo silijutii. Lilikuwa baridi, na kwa dakika ile nilikaa na shangazi yangu akinisomea bila ya kuhesabu kitu.

Siku ya 10 mkwe wangu alikuwa anafuta meza ya jikoni, akasimama mbele ya kalenda.

"Mama, huyu tunayemdai siku kumi ni nani?"

Alidhani ni deni la urojo. Nikataka kusema ndiyo, nimtajie jina lolote la mtaani. Badala yake nikamwambia, "Mimi."

Hakunipa pole wala hakulia. Alikausha mikono kwa kanga yake, akaniambia nikae mlangoni penye mwanga, nifungue mdomo. Akauvuta ulimi wangu kwa kitambaa kama anayetoa mwiba wa samaki kwa mtoto, akapiga picha kwa simu. Mara ya kwanza nikakitazama kidonda changu bila ya kioo kutetemeka. Nacho kilikuwa kidogo kuliko kile cha usiku. Tokea hapo kila jioni, kabla ya kutandika meza, alipiga picha moja, mlango ule ule, saa ile ile, na akaanza kuniongezea kijiti mdomoni mwenyewe, "kimoja tu Mama, kimoja." Picha ya siku ya 11 na ya 13 ukiziweka pamoja hazikupishana. Hakikua, lakini hakikupungua pia.

Bwana wangu ni mvuvi. Alipoambiwa alinyamaza, akatoka kwenda kutazama bahari. Aliporudi alisema neno moja: "Haitulii." Na kweli, mvua za mwaka ule zilikuwa za kumwaga, upepo umegeuka kusi, na siku ya 14, siku yangu, boti ya asubuhi haikuondoka. Tulikaa bandarini na kikapu chetu mpaka saa tano, tukarudi. Nilimwambia bwana wangu, daktari kasema wiki 2. Akanijibu, "Daktari hakuzungumza na kusi."

Basi tulivuka siku ya 15, boti ya saa moja, watu wanatapika kwenye vifuko kulia na kushoto. Mimi sikutapika. Nilikuwa nimeikumbatia chupa yangu ya maji, ambayo ndiyo mate yangu, kila dakika nikimeza funda moja.

Daktari alikuwa kijana, si yule wa mwanzo. Hakuniuliza mengi. Alivaa glavu, akapapasa shingo pande mbili taratibu akianzia chini ya sikio, akaingiza kidole akauminya ulimi kwa ndani na nje, kama mtu anayetafuta kokoto kwenye unga. Nilikuwa namtazama uso. Miaka ile miwili nimejifunza kusoma nyuso za madaktari, na wake haukuandikwa kitu. Kisha akaacha ulimi, akachukua kikioo kidogo, akapiga taa upande wa meno.

"Mama, hili gego limevunjika lini?"

Gego gani? Sikujua. Upande ule wa kinywa una ganzi tangu upasuaji, hata shavu nikilitafuna sijui mpaka nione damu. Akanipa kioo nami. Gego la chini la kushoto lilikuwa limemeguka ubavu wa ndani, limebaki na ncha kama ya gamba la chaza, na ncha ile ilikuwa inaelekea pale penye kidonda hasa. Akanieleza kwamba kinywa kisicho na mate meno yake huoza na kumeguka upesi, ndiyo maana walisisitiza dawa ya meno na maji tangu mwanzo. Na sikio? Akasema ulimi, taya na sikio hupokezana maumivu, mishipa yake ya fahamu ina ujamaa. Ukiumwa ulimini sikio huitika, liwe ni jambo kubwa au dogo.

Nikasema, "Kwa hiyo ni jino."

Akavua glavu. "Sikwambii ni jino. Nadhani ni jino. Tunaliondoa hilo lenye ncha, tunakipa kidonda wiki 2. Kikipona, lilikuwa jino. Kisipopona nakata kinyama kidogo kikapimwe, hatukisii."

Nilimwambia aling'oe basi jino lenyewe, yaishe. Akakataa karibu kwa ukali. Taya lililopigwa mionzi, akasema, damu yake ni chache, ukiling'oa jino shimo linaweza lisifunge na mfupa ukaanza kufa. Akaniusia nisimkubalie mtu yeyote, kwetu wala kwingine, kunitoa jino la chini bila ya kumwambia kwanza habari ya mionzi. Nami miezi miwili nyuma nilikuwa nimepanga kwenda kung'oa jingine, mlangoni tu kwetu, kwa sababu ya bei.

Chumba cha meno walilipiga tupa kwa mashine, dakika tano hazikufika. Harufu yake kama kwato inapoungua. Nikapitisha ulimi, yaani ule niliobakishiwa, na kwa ile sehemu isiyo na ganzi nikahisi mviringo.

Wiki 2 za pili hazikuwa nyepesi kuliko za kwanza, nisidanganye. Nilikuwa na jibu lakini ni nusu. Ramadhani iliingia katikati yake. Mimi sifungi tena, koo halikai saa mbili bila ya maji, natoa fidia, na mwaka ule nilikuwa nakunywa funda zangu jikoni nimeupa mlango mgongo kama mwizi, japokuwa nyumba nzima inajua. Urojo tuliupika wa futari. Picha tuliendelea kupiga. Siku ya 5 baada ya tupa mkwe wangu aliitazama ile picha muda mrefu kuliko kawaida, akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, hakusema kitu, akanipa simu. Ule weupe ulikuwa umeingia ndani, umebaki kama ukucha wa mtoto. Siku ya 9 sikio liliacha kuvuta. Vijiti 12.

Nilivuka tena siku ya 14 barabara, bahari imetulia kama maji ya birika. Kijana yule yule, glavu, shingo, kidole, taa. Akauvuta ulimi, akautazama, akauachia.

"Pamefunga," akasema, akaandika kwenye faili.

Nikamuuliza lile nililovuka nalo bahari: hiki kimekuwa jino, haya, siku ikiwa si jino mimi nitajuaje?

Alimaliza kuandika kwanza. "Hutajua, Mama. Na mimi kwa macho sitajua. Utakuja kama ulivyokuja." Akafunua ukurasa wa nyuma, akahesabu tarehe kwa ncha ya kalamu. "Ila mara ile ulichelewa siku moja."

Bwana wangu, aliyekuwa amekaa mlangoni na kofia yake magotini, hakungoja nijibu.

"Kusi," akasema.