Siku yangu katika chumba cha alama: mashindano ya kesi ya kuigiza Lubumbashi

Saa 12 asubuhi

Jumamosi ya mashindano huanza mapema kwangu, kwa sababu karatasi za alama lazima ziwe zimehesabiwa, zimepigwa muhuri na kutiwa katika bahasha kabla mwanafunzi wa kwanza hajafika. Mimi ni wakili hapa Lubumbashi, na katika mashindano haya, ambamo wanafunzi wa sheria huigiza mawakili na mashahidi wa kesi ya kubuni, nimekabidhiwa chumba cha alama: kupanga timu, kupokea karatasi, kujumlisha na kusikiliza malalamiko. Wengi hudhani kwamba timu hushinda kwa sababu mteja wake ana haki. Kazi yangu siku nzima ni kulinda kanuni tofauti kabisa, nayo ni kwamba tunapima ufundi wa kuendesha kesi, hatuamui kesi yenyewe.

Saa 1 asubuhi

Waamuzi wanakuja, wawili kwa kila chumba, pamoja na hakimu kiongozi ambaye huendesha kikao lakini hatoi alama. Mwamuzi aliyewahi kuifundisha timu hapangiwi kuipima, na timu zote 8 zinaitwa kwa herufi, si kwa majina ya vyuo vyao. Ninawasisitizia jambo moja kuliko yote: andika alama mara tu sehemu inapokwisha, wala usimwulize mwenzako ameandika ngapi. Mwamuzi anayengoja mpaka mwisho hukumbuka hoja za mwisho tu, na yule mwanafunzi aliyemhoji shahidi vizuri saa moja kabla anapotea.

Mfumo wetu tumeuazima kwa kiasi kikubwa kutoka Marekani, ambako mashindano ya vyuo ya namna hii yalianzishwa mwaka 1985 katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa. Kule kila upande huleta mashahidi 3, na karatasi ya mwamuzi ina sehemu 14 kwa kila upande, kila moja ikipewa alama 1 hadi 10, hivyo kilele ni 140. Sisi tumepunguza shahidi mmoja ili siku itoshe. Karatasi yetu ina sehemu 10: hotuba ya ufunguzi, hoja za mwisho, mawakili 2 wanaowahoji mashahidi wao, mawakili 2 wanaofanya dodoso, yaani kuwahoji mashahidi wa upande wa pili, kisha kila shahidi hupimwa mara mbili, anapojibu wakili wake na anapododoswa. Kilele ni 100.

Saa 2 asubuhi

Manahodha wanarusha sarafu ili kujua nani atakuwa mdai na nani mdaiwa. Jalada wamekuwa nalo kwa wiki kadhaa na wanalijua kama sala. Ni kesi ya kubuni: mama mmoja anayelima lengalenga, yaani mchicha, kando ya kijito anadai kwamba maji machafu ya kiwanda cha kusafisha shaba yamekausha bustani yake. Anategemea kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria yetu ya madai, ambacho kila mwanafunzi wa sheria nchini Kongo hukijua kwa moyo, kinachosema kwamba tendo lolote la mtu linalomletea mwenzake hasara humlazimu aliyekosea kuifidia. Jaladani mna hati za viapo za mashahidi, vipimo vya maji na daftari la ukaguzi wa bwawa la taka, na nje ya hapo hakuna ushahidi mwingine unaokubaliwa.

Hapo ndipo kesi ya kuigiza inapotofautiana na mashindano kama yale ya haki za binadamu barani Afrika, ambayo Chuo Kikuu cha Pretoria kimekuwa kikiyaandaa tangu 1992. Katika yale, mambo yaliyotokea yamekwisha kuandikwa, hakuna shahidi, na wanafunzi wanabishana juu ya sheria tu. Huku kwetu ukweli wenyewe ndio unaogombaniwa, kinywani mwa mtu aliye hai anayeweza kusahau, kukasirika au kukwepa.

Saa 3 asubuhi

Ninapita vyumbani kukagua watunza muda, na katika chumba cha pili nakuta dodoso ambalo ningependa kila wakili kijana wa mji huu alione. Aliye kizimbani anaigiza mhandisi wa kiwanda, na hati yake ya kiapo inasema bwawa lilikaguliwa kila mwezi.

"Daftari hili hujazwa na nani?"

"Na mimi."

"Na baada ya kila ukaguzi unatia sahihi?"

"Ndiyo."

"Tafadhali tuoneshe sahihi ya mwezi wa nne."

Shahidi alifungua ukurasa, akatazama, kisha akasema kwamba ukurasa ule ulilowa mvua ukabadilishwa. Jambo hilo halimo jaladani. Kwa kanuni zetu, shahidi akibuni jambo zito namna hiyo hakuna anayekimbia kuniita. Dawa iko mikononi mwa anayehoji. Yule binti hakupandisha sauti. Alimpa shahidi hati ya kiapo, akamwomba asome sahihi yake mwenyewe chini ya maneno "nimeeleza yote ninayoyajua", akamwuliza mvua imetajwa katika aya ipi. Haikutajwa popote. Akasema, "Sina swali lingine, Mheshimiwa Hakimu," akaketi. Alijizuia kuuliza swali la ziada ambalo lingempa shahidi nafasi ya kujieleza, na kuketi kwa wakati ni ufundi ambao wengi wetu huuchelewa. Mwamuzi mmoja alimpa 9, mwingine 10. Shahidi naye alipata 4, ingawa aliigiza kwa ustadi mkubwa.

Wapo wenzangu wanaosema dodoso la namna hii si letu, maana katika mahakama zetu rais wa kikao, yaani hakimu anayekiongoza, ndiye anayeongoza maswali. Ni kweli, lakini katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, ambayo hukumu yake ya kwanza, mwaka 2012, ilimhusu Mkongomani Thomas Lubanga, mawakili wenyewe ndio wanaowahoji mashahidi. Sioni kwa nini vijana wetu wasijifunze njia zote mbili. Hoja wanatoa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi. Mashahidi wana ruhusa ya kusema Kiswahili kama wanavyofanya mahakamani, na mwamuzi hapunguzi hata alama moja kwa hilo.

Saa 4 asubuhi

Karatasi zinaingia. Watu wawili wanajumlisha kila moja, kila mtu peke yake, na majibu yakitofautiana tunaanza upya. Katika chumba cha kwanza mwamuzi mmoja ameandika mdaiwa 84, mdai 83. Mwenzake mdaiwa 71, mdai 86. Tukijumlisha alama, mdai amemwacha mdaiwa mbali. Hata hivyo, kila karatasi ni ushindi mmoja, kwa hiyo hapa ni sare, ushindi mmoja kwa kila upande. Nakubaliana na kanuni hii kwa dhati, kwa sababu waamuzi hawana mkono sawa: mmoja hutoa 7 pale mwenzake anapotoa 9, na tungefuata jumla, mwamuzi mmoja mwenye mkono mzito au mwepesi angeamua mashindano yote. Tofauti ya alama tunaitumia mwisho kabisa, ikiwa ushindi unalingana na nguvu ya wapinzani waliokutana nao inalingana pia.

Saa 4 na nusu

Raundi ya pili, kila timu ikibadilisha upande. Waliosimama na mama wa bustani sasa wanakitetea kiwanda. Timu iliyo juu miongoni mwa waliokuwa wadai inakutana na iliyo juu miongoni mwa waliokuwa wadaiwa, na kuendelea hivyo hadi chini.

Saa 7 mchana

Bukari, yaani ugali, samaki na lengalenga, halafu upangaji wa raundi ya tatu. Waliokwisha kukutana hawarudiani.

Saa 10 alasiri

Nahodha mmoja anabisha hodi. "Mama Maître, hakimu amesema kiwanda kilipe, nasi tulikuwa upande wa mdai. Mbona karatasi zote mbili zinasema tumeshindwa?"

Nilimweleza kwamba hakimu kiongozi hutoa maoni yake juu ya kesi, na jalada lenyewe linaweza kuuelemea upande mmoja. Ndiyo maana kila timu lazima iubebe upande mzito na mwepesi. Kisha tulisoma karatasi pamoja. Mashahidi wake walipata 8 na 9, ila hoja za mwisho zilipewa 5 na 4, na mwamuzi ameandika pembeni: "Alisoma alichokiandika nyumbani. Hakutaja daftari." Aliomba anakili sentensi hizo mbili.

Saa 11 jioni

Matokeo yanatangazwa, na kila timu inapewa bahasha yenye nakala za karatasi zake zote, pamoja na maelezo ya waamuzi. Karatasi halisi nazifungia kabatini hadi muda wa rufaa upite, kisha nawaandikia wenzangu kupendekeza kwamba jalada la mwakani liwe na mashahidi 3 kila upande, na mashindano yachukue siku 2.