Nepi za masika

Masika ya mwaka 2009 yalitukuta Tanga, nyumba ya kupanga Ngamiani, tukiwa na mtoto wa miezi mitano anayevaa nepi za kitambaa. Pampasi tulinunua mojamoja dukani, za safari na za kanisani. Siku nyingine zote alivaa khanga kuukuu ambazo mama mkwe alizikata na kuzipinda kwa mkono kabla mtoto hajazaliwa. Jua likiwapo, nepi hizo hazina mpinzani. Mvua ikishika, ni balaa. Kamba tuliihamishia barazani, kisha sebuleni, na bado kila nepi ilikuwa na ubichi na uvundo. Kwa ajili ya uvundo huo, sabuni ya unga ikawa inaongezwa kila tukifua.

Wekundu ulianzia makalioni, tukaupaka mafuta ya nazi. Kisha mtoto akabanwa na kifua, akapewa antibayotiki, akaharisha, na mambo yakageuka. Wekundu uliingia hadi kwenye mikunjo ya mapaja, ukakolea na kung'aa, na pembeni yake vikatoka vipele vilivyojitenga, kama punje za mtama zilizorukia nje ya kinu. Akikojoa tu, kilio.

Jirani alishauri unga wa muhogo, eti unakausha. Mama mkwe akamkata kauli: "Huyu si samaki wa kukaanga." Yeye alisema ni meno.

Kliniki nilimkuta nesi mtu mzima, asiye na haraka. Hakuanza na makalio. Alimfungua mtoto mdomo, akatafuta utando mweupe ulimini, akaniuliza kama chuchu zinaniwasha au kuniuma. Ndipo akaachanisha mikunjo ya mapaja kwa vidole viwili.

"Mkojo huunguza pale nepi inapogusa, mama. Huku ndani kwenye mikunjo kwa kawaida hupaoni pamebabuka hivi. Hii ni fangasi."

Aliandika krimu ya klotrimazoli: ipakwe nyembamba asubuhi na jioni, ngozi ikiwa imekauka, na isiachwe siku wekundu unapopotea bali iendelee kidogo. Poda alinikataza, kwa sababu mtoto huivuta puani. Mafuta ya mgando nisiyarundike, maana yakishaganda kwenye kitambaa, kitambaa hakinywi tena mkojo.

Kisha akaomba nepi safi kutoka kwenye mkoba wangu. Akaitumbukiza kwenye karai la maji matupu, akaikamua. Povu likatoka! Nepi iliyofuliwa, ikaanikwa, ikakunjwa, inatoa povu kana kwamba ndiyo kwanza imepakwa sabuni. Hakusema neno, aliikamua tena nione.

Kazi ya nyumbani ikabadilika. Kila alipojisaidia tulimsafisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu, bila sabuni, tukamfuta kwa kugusagusa. Mchana alilazwa mkekani juu ya khanga bila nepi yoyote, akaloanisha apendavyo. Nepi zilichemshwa kwenye sufuria kubwa na kusuuzwa mpaka maji yabaki meupe, na maji ya kusuuzia yalikuwa yakimwagika bure kutoka kwenye bati.

Kukausha ndiko alikoshika mama mkwe. Kwao Muheza nguo ya mtoto iliyoanikwa nje haivaliwi bila kupigwa pasi, kwa kuogopa mayai ya nzi yanayoangua funza chini ya ngozi. Akawasha pasi ya mkaa, akakaa kwenye kigoda, akapiga nepi moja baada ya nyingine hadi mvuke ukaisha. Usiku, ngozi ilipokuwa bado mbichi, tulitumia pampasi. Bei iliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Vipele vya pembeni ndivyo vilivyotangulia kukauka. Mikunjo ilichelewa, lakini kilio cha mkojo kilikoma mapema, nasi tukalala.

Jirani alipokuja kuuliza kilichomponya, mama mkwe alinitangulia: "Pasi."

Tyubu ilikuwa pale mezani, imeminywa mpaka shingoni. Sikubisha. Rundo la nepi lilikuwa bado linasubiri mkaa.