Vauban, mtaa uliopangwa na wakazi wake

Mtaa ninaokaa hapa Freiburg, kusini mwa Ujerumani, unaitwa Vauban. Jioni watoto wanachora kwa chaki katikati ya barabara, na mbele ya nyumba nyingi huoni gari lililoegeshwa. Gari linaruhusiwa kuingia kushusha mizigo au mgonjwa, tena kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha linatoka.

Ndugu zangu wakisikia hivi husema, "Si serikali yao imeamua?" Hapana. Hapa palikuwa kambi ya jeshi la Ufaransa. Wanajeshi walipoondoka mwaka 1992, wananchi waliunda jumuiya yao, Forum Vauban, wakakaa vikao na watu wa mipango miji wa manispaa kabla nyumba mpya hazijaanza kujengwa. Familia zilijiunga vikundi vikundi, kila kikundi kikanunua kiwanja, kikatafuta msanifu wake na kupandisha ghorofa ya pamoja. Baadhi ya mabweni ya wanajeshi yalichukuliwa na watu wa kipato cha chini, wakayakarabati kwa mikono yao.

Kubwa zaidi ni suala la maegesho. Miji mingi huingiza gharama ya maegesho ndani ya bei ya nyumba, kwa hiyo asiye na gari anamchangia mwenye nalo. Vauban walivitenganisha. Mwenye gari ananunua nafasi yake kwenye jengo la maegesho pembezoni mwa mtaa, kwa maelfu mengi ya yuro. Asiye nalo anatia saini kwamba hana. Sheria ya jimbo nayo ilidai kila nyumba iwe na nafasi ya gari, ikawa kikwazo. Wakazi wakaanzisha chama cha kuishi bila gari, kikatenga ardhi ya akiba: maegesho yakihitajika siku moja, yatajengwa pale. Kwa miaka mingi ardhi hiyo imekuwa uwanja wa majani tu. Naipenda sana akili hiyo, maana sheria haikuvunjwa na watoto wakapata pa kuchezea.

Tramu ilifika 2006, reli zake zikapitishwa kwenye nyasi. Tunayo pia magari ya kushirikiana: unaweka nafasi kwa simu, unalipia saa na kilomita. Juzi nimechukua la mizigo kubebea kitanda, nikalirudisha kwenye kituo chake kabla ya saa sita mchana.

Nyumba ni ghali, hilo lazima niseme. Mtaa umependwa, na kodi za nyumba Freiburg zinawaumiza vijana wengi.

Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, ndiyo maana jambo hili linanigusa. Mpango wa makao makuu wa mwaka 1976 uliwatanguliza waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi, gari binafsi likaja nyuma. Wazo hili kwetu si geni hata kidogo, na lilikuwa kwenye ramani wakati Vauban bado ni kambi. Leo viwanja vinapimwa Dodoma kila kukicha. Wenye viwanja ambavyo havijajengwa, undeni kamati ya mtaa sasa, nendeni kwa watu wa ardhi mkaulize njia ya miguu inapita wapi na kituo cha daladala kiko umbali gani, kabla nguzo za umeme na kuta za majirani hazijasimama.