S5 na S6 si miaka miwili

Nchini Uganda, mzazi akisikia mtoto ameingia S5, yaani kidato cha tano, huhesabu miaka miwili mpaka amalize S6. Hesabu hiyo inadanganya. Matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho wa S4, hutoka muhula wa kwanza ukiwa umeshakaribia au umeshaanza, uchaguzi wa shule unafuata, na S5 huingia darasani wakati madarasa mengine yameshasoma wiki kadhaa. Upande wa pili, UACE, mtihani wa mwisho wa S6, huanza Novemba, kwa hiyo muhula wa tatu wa mwisho haukamiliki. Ukitoa likizo, zinabaki kama wiki 65. Ukitoa tena mitihani ya ndani ya kila muhula na ile ya majaribio, hazifiki 55.

Shule ya kanisa ina mambo yake juu ya hayo: ibada za asubuhi, wiki ya misheni, kwaya, ushirika wa wanafunzi wa Scripture Union au YCS, hija ya Namugongo kila Juni 3, sikukuu ya mtakatifu mlezi. Mengi ya hayo ni mema, na yamewasimamisha vijana ambao darasa peke yake lisingewasimamisha. Lakini yote huchotwa kwenye mtungi mmoja, muda wa mtoto, na wachotaji hawaulizani. Kasisi anachota, mwalimu wa kwaya anachota, bursa, mtunza fedha wa shule, anachota. Ndiyo maana naona msaada wa kwanza kwa mwanafunzi wa madarasa haya ni kuulinda muda wake, na kuanza kuulinda Machi ya S5, si Septemba ya S6.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote hufanyika wiki mbili za mwanzo: kombinesheni. Mwanafunzi huchagua masomo makuu matatu, kisha GP (General Paper, somo la maarifa ya jumla na insha), kisha somo dogo moja, ama Hisabati ndogo ama ICT. Anayesoma Hisabati kama somo kuu huchukua ICT. Herufi zenyewe kila mtu anazijua, PCM, PCB, BCM, HEG, HEL, MEG (P ni Fizikia, C Kemia, B Biolojia, M Hisabati, H Historia, E Uchumi, G Jiografia, L Fasihi). Kisichojulikana ni milango ambayo kila moja inaifunga. PCB haikufikishi kwenye uhandisi, kwa sababu uhandisi unataka Fizikia na Hisabati kama masomo makuu, na Hisabati ndogo haitoshi. PCM haikufikishi kwenye udaktari, maana hakuna Biolojia. Mtoto anayesema "nitaamua baadaye" tayari ameshaamua, ila hajaambiwa. Kwa hiyo mwalimu wa taaluma akae na kila S5 mpya, dakika 20 zinatosha, akiwa na matokeo ya UCE mezani pamoja na masharti ya kozi tatu ambazo mtoto anazitamani. Kubadilisha somo wiki ya pili ni jambo la daftari moja jipya. Kubadilisha muhula wa pili ni kuanza mbio wenzako wakiwa wameshazunguka kiwanja mara moja.

Shule za kanisa zina kosa lao hapa, nalo ni Divinity, somo la Biblia na dini ya Kikristo. Mara nyingi hupewa kiongozi wa ushirika kwa sababu "Biblia anaijua", au anayeonekana dhaifu kwa sababu "si somo gumu". Ni somo gumu. Swali likiuliza kwa nini Amosi aliilaani ibada ya Israeli, mtahini anataka mwanafunzi aanze na Yeroboamu wa pili na utajiri wa zama zake, aonyeshe wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kudanganya kwa mizani (Amosi 8:5), maskini wanaouzwa kwa jozi ya viatu (2:6), kisha kuhani Amazia wa Betheli akimfukuza nabii arudi Yuda (7:10–13). Mwanafunzi aliyezoea kuhubiri hujaza kurasa nne akiwaonya watu watubu. Mahubiri yanaweza kuwa mazuri na bado yasipate alama. Tiba yake ni moja: tangu S5, kila aya ya insha iwe na hoja, andiko na hali ya wakati ule, na mwalimu aisahihishe kwa vigezo hivyo vitatu tu mpaka iwe mazoea.

Baada ya kombinesheni, mfundisheni mtoto hesabu ya pointi. Wengi hufika S6 hawaijui. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1. GP na somo dogo hutoa pointi 1 kila moja, kwa utaratibu uliozoeleka, ukipata daraja la 6 au zuri zaidi. Hivyo kilele ni 20. Ili uingie shahada chuo kikuu unahitaji angalau masomo makuu mawili uliyofaulu katika mtihani wa mwaka mmoja, pamoja na masomo matano uliyofaulu UCE. Lakini nafasi za udhamini wa serikali haziangalii jumla hiyo ya 20. Kila kozi ina masomo yake ya lazima, ambayo pointi zake huzidishwa mara 3, na somo linalohusiana, ambalo huzidishwa mara 2. GP na somo dogo hubaki mara 1. Wasichana huongezewa 1.5.

Chukua mwanafunzi wa PCB anayetaka udaktari. Biolojia na Kemia ni za lazima, Fizikia inahusiana. Ana B, B na D. Biolojia 15, Kemia 15, Fizikia 6, na mbili za GP na somo dogo, jumla 38. Akipandisha Kemia kutoka B kwenda A anaongeza 3. Akipandisha Fizikia kutoka D kwenda C anaongeza 2. Na akiidharau GP anapoteza 1, yaani nusu ya jasho lote la kuipandisha Fizikia daraja moja. Andikeni hesabu hii ubaoni na kila mtoto aifanye kwa masomo yake. Huwa inabadilisha jinsi anavyogawa prepu, muda wa kujisomea, kuliko hotuba kumi za kumtia moyo.

GP yenyewe hukwama kwa sababu haina mwenyewe. Hupewa mwalimu yeyote mwenye kipindi tupu, Ijumaa mchana, darasa la watu mia. Insha moja kila wiki mbili, ikasahihishwa na kurudishwa ndani ya siku saba, inatosha. Isiporudishwa, mwanafunzi anarudia makosa yaleyale mara kumi na mbili kwa mwaka na kuyafanya kuwa mtindo wake wa kuandika.

Jambo moja kuhusu vitini vya kurithi. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, lilifanya UCE mwaka 2024, na S5 walioingia 2025 walikuta mihtasari iliyorekebishwa. Madaftari ya kaka aliyemaliza 2022 bado yana faida, ila mwanafunzi ayasome akiwa na muhtasari wa sasa mkononi, asije akakariri mada iliyoondolewa.

Sayansi hupotea maabara. Tazama titresheni, kudondosha kimiminika kutoka kwenye bureti mpaka rangi ibadilike, kazi ambayo mtahiniwa wa Kemia hawezi kuikwepa. Bureti husomwa kwa desimali mbili, na tarakimu ya mwisho ni 0 au 5: 24.10, si 24.1. Pipeti ya sentimita za ujazo 25 huandikwa 25.0. Matokeo ya kutafutia wastani yasiachane zaidi ya 0.10, na mwanafunzi aonyeshe ni yapi aliyoyatumia. Mambo haya hayahitaji akili nyingi, yanahitaji mkono uliozoea. Mkono hauwezi kuzoea iwapo kemikali zinanunuliwa mwezi mmoja kabla ya mtihani na wanafunzi wanne wanashika bureti moja. Wanne hao, mmoja anafungua koki, mmoja anaandika, wawili wanatazama, na hao wawili wataishika koki peke yao kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Watafungua kwa kasi, rangi itapita kiwango, na jaribio la kwanza litakuwa limeharibika kabla hawajatulia. Kila mwanafunzi afanye titresheni nzima peke yake walau mara sita kabla ya mtihani wa majaribio, ikibidi kwa zamu za Jumamosi. Wazee wa shule wanaochangia kupaka rangi kanisa la shule waombwe pia bureti. Naamini Mungu hatachukia.

Sasa usingizi, na hapa najua nitagusa penye kidonda. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ratiba ya bweni nyingi ni kuzima taa saa tano usiku na kengele saa kumi na nusu alfajiri: saa tano na nusu. Kila usiku anakosa saa mbili na nusu, kwa wiki saa 17 na nusu, kisha tunamshangaa anaposinzia kipindi cha tatu na tunamwita mvivu. Anachokisoma akiwa hivyo hakikai, kwa sababu ubongo huhifadhi yaliyosomwa wakati wa kulala. Juu ya hapo huja kesha. Kesha moja la muhula, Ijumaa, likifuatiwa na Jumamosi asubuhi ya kulala bila kengele, halina ubaya. Kesha la kila wiki kwa ajili ya mitihani linaila mitihani yenyewe.

Kufunga nako kuangaliwe. Watoto wa ushirika hujitwisha siku tatu kavu wiki ya kwanza ya UACE, bila kumwambia mtu. Karatasi moja ni saa tatu hivi, na siku nyingine huwa karatasi mbili, na mwili usio na uji wala posho (ugali) unatetemeka mkono na kusoma swali mara nne bila kulielewa. Wenye vidonda vya tumbo huishia zahanati. Kasisi ndiye mwenye sauti hapa, si metroni. Atangaze kanisani, mapema, kwamba watahiniwa wafunge kabla ya Oktoba kama wanataka, na siku za karatasi wale. Neno hilo likitoka madhabahuni linatiiwa. Likitoka jikoni linaonekana ni upungufu wa imani.

Kuhusu karo nitasema kifupi. Kumrudisha mtahiniwa nyumbani kufuata karo kwa siku kumi ni kuondoa wiki mbili kati ya zile 55, na mara nyingi anarudi na nusu ya pesa. Bursa ampigie mzazi simu kwanza, waandikiane mpango wa malipo wa tarehe tatu. Ada ya usajili wa UNEB, ambayo miaka ya karibuni imekuwa shilingi 186,000 kwa UACE, isichanganywe kamwe na deni la karo. Ikusanywe peke yake, iandikiwe risiti peke yake, ilipwe mapema, kwa kuwa kuchelewa huongeza ada na kukosa usajili ni kukosa mwaka. Kabla orodha haijatumwa, kila mtahiniwa asome jina lake herufi kwa herufi, alilinganishe na cheti cha UCE na namba yake ya utambulisho wa taifa, kisha atie saini. Jina lililokosewa herufi moja leo litamtesa siku ya kuomba mkopo wa masomo.

Halafu kuna jambo linaloniuma. Shule inafanya ibada ya kuwaombea watahiniwa, askofu anakuja, mishumaa inawashwa, na wiki mbili baadaye mwalimu anaingia chumba cha mtihani na karatasi ya majibu. Sheria ya UNEB ya 2021 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 40, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Hata bila sheria, anayeumia ni mtoto: matokeo huzuiliwa, hata ya yule aliyejisomea kwa haki, na majibu yanayofanana darasa zima watahini huyaona. Wazazi waambiwe mapema, kwa maneno wazi, kwamba shule haitachanga pesa ya "msaada" wowote. Anayeombwa aripoti.

Na msichana akipata ujauzito S6? Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unataka arudi shuleni baada ya kujifungua, na UNEB humruhusu mjamzito kufanya mtihani. Shule ya kanisa inayomfukuza Agosti, akiwa ameshasajiliwa, inamnyang'anya kile ambacho serikali haijamnyang'anya. Apewe chumba karibu na choo, kiti chenye mgongo, mtu mmoja wa kumsindikiza, na mwalimu wa kumpelekea kazi kama anakaa nyumbani. Kijana yeyote, wa kike au wa kiume, anayeumizwa au kutishwa ajue namba 116, Sauti, simu ya msaada kwa watoto, ambayo haina malipo. Ibandikwe ukutani mwa bweni, si ofisini kwa mwalimu mkuu.

Karatasi ya mwisho ikiisha, kuna miezi ya kusubiri matokeo, na hapo shule nyingi hunawa mikono. Kabla hawajaondoka, kila mmoja aandike anuani ya barua pepe anayoitumia kweli na namba ya simu ya mtu wa nyumbani asiyehama. Waelezwe kwamba aliyefaulu somo kuu moja na kupata mawili ya kiwango kidogo ana njia ya diploma, na kutoka diploma ana njia ya shahada. Wengi hawalijui hilo, na hukaa kijijini mwaka mzima wakidhani mlango umefungwa. Siku matokeo yanapotoka, mwalimu wa taaluma awe ofisini na mstari wa simu uwe wazi, na waanzwe kupigiwa wale ambao hawakufanya vizuri.