Mbwa wanne, parsele moja

Watu wakisikia kwamba kwenye parsele yetu, yaani kiwanja chetu, pale Ndosho, mtaa wa Goma huku Kongo, nafuga mbwa wanne, wananiuliza kwanza: "Mama, unawalisha nini, na unga ndio umepanda hivi?" Unga kweli unaumiza. Ila kilichonipa kazi zaidi ni kuwagawia.

Simba na Nyota tuliwalea tangu wadogo, walinde nyumba, maana zamu, yaani mlinzi wa usiku, hatuwezi kumlipa. Jeki alijileta mwenyewe. Tigre alikuwa wa majirani waliohama Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Walibeba watoto na magodoro, mbwa akabaki kwenye kamba. Nilipomfungua nilifikiri atawafuata. Akavuka njia, akaingia kwangu, akalala.

Basi vurugu zikaanza, hasa kati yake na Simba. Mume wangu akataka Tigre aondoke. Mimi nikaomba kwanza niwatazame. Mchana kwenye kivuli walilala karibu bila neno. Walipigana penye sufuria, mlangoni nikirudi sokoni na mfuko, na nikimpapasa mmoja mbele ya mwingine. Kila mara kulikuwa na kitu cha kugombania. Nikaona cha kufanya ni kukiondoa hicho kitu, mbwa abaki.

Sasa kila mmoja ana sahani yake na pembe yake: Simba karibu na mlango mkubwa, Nyota nyuma ya jiko, Jeki upande wa choo, Tigre kwenye kamba fupi kando ya pipa la maji. Simba anapewa wa kwanza kwa sababu ndiye mwenyeji. Naita jina, naweka sahani, naenda kwa mwingine. Hakuna anayetoka pembeni kwake mpaka wote wamalize, kisha sahani nazikusanya hata zikiwa tupu, maana iliyorambwa nayo inaleta vita. Wageni wananicheka, wanasema nimefungua shule.

Chakula chenyewe ni fufu ya mahindi na mchuzi wa sambaza, samaki wadogo, waliovunjikavunjika, wa bei ndogo. Fungu la mbwa nalitoa kabla sijatia vitunguu, kwa sababu vitunguu vinaharibu damu yao. Mifupa ya kuku iliyopikwa siwapi: inapasuka vipande vikali, inaweza kutoboa utumbo. Mume wangu anasema mbwa wa babu yake walikula mifupa hiyo maisha yao yote. Namuuliza walikufa na nini, ananyamaza.

Wakikamatana, usiingize mkono katikati, hata kama ni mbwa wako wa miaka mingi. Wakati ule hajui anamuuma nani. Mimi nagonga vifuniko vya sufuria, ikishindikana nawamwagia maji, au napitisha ubao katikati yao. Maji yenyewe ni ya bidoni niliyonunua, lakini mkono wangu una bei zaidi.

Nyota akiingia kwenye joto, yaani akitaka dume, mambo yote hayo yanakuwa bure. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na linaweza kuendelea wiki tatu hivi. Nilikuwa namfungia ndani, madume wanalia mlangoni usiku kucha, na wengine wa mtaa wanaruka ukuta wa mawe ya volkano. Mimba ni miezi miwili tu, na watoto wa mbwa hapa kwetu nani atawachukua wote? Veterineri akatushauri kuwahasi. Tulianza na Simba. Mume wangu alinuna, eti namvunjia kijana wa watu heshima. Baada ya miezi kadhaa Simba alipunguza kuruka ukuta, na mzee mwenyewe akampeleka Tigre.

Majirani waliogopa zaidi kichaa cha mbwa, na walikuwa na haki. Ugonjwa huo unapita kwenye mate, na ukishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, kupona ni jambo la nadra sana. Wanne wote wanachanjwa kila mwaka. Mtoto wa mbwa anaanza akifika miezi mitatu. Kadi zao niliwaonyesha majirani mmoja mmoja, na watoto wa mtaa nikawafundisha kwamba akiuma mbwa yeyote, wangu au wa njiani, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha waende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Pia tulipatana kwamba anayekuja kwangu aite kutoka njiani, asifungue mlango mwenyewe. Wengi wanaita. Shemeji yangu ndiye bado anaingia tu, halafu anapanda juu ya meza.