James Barnor na Waafrika wa London

Picha nyingi za wahamiaji zinazochapishwa magazetini zimefanana mno: mtu ameketi peke yake, uso ameuinamisha, mzigo wake uko miguuni. Sisemi kwamba huzuni hiyo haipo, kwani mimi mwenyewe naishi ughaibuni na ninaijua. Hata hivyo, kijana anayeanza kupiga picha akiniuliza amtazame vipi mtu aliyehama kwao, humwambia azitafute kwanza picha zilizopigwa na James Barnor, mpigapicha kutoka Ghana.

Barnor alizaliwa Accra mwaka 1929, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akafungua studio yake, Ever Young, katika mtaa wa Jamestown. Mwaka 1959, miaka miwili baada ya uhuru wa Ghana, alihamia Uingereza, akafanya kazi katika maabara ya kusafishia picha za rangi na kusomea upigaji picha huko Kent, huku akilipigia picha jarida la Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini na kusomwa hadi Afrika Mashariki.

Picha ninayoirudia zaidi ni ya mwaka 1967. Mike Eghan, mtangazaji wa BBC kutoka Ghana, anashuka ngazi za Piccadilly Circus usiku, mikono ameitandaza, na taa za matangazo ya biashara zinawaka nyuma yake. Asiyejua historia atadhani kwamba London ilikuwa imewapokea watu weusi kwa mikono miwili. Ukweli ni kwamba mwaka ule mwenye nyumba alikuwa bado anaweza kumnyima mtu chumba kwa sababu ya rangi yake bila kuvunja sheria, kwani upangishaji wa kibaguzi ulipigwa marufuku mwaka 1968. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziona picha hizi kuwa mapambo ya jarida. Kusimama hivyo katikati ya mji unaoweza kukufungia mlango ni madai, na Barnor aliyaandika kwa mwanga.

Nadhani chanzo cha jambo hili ni studio ya Jamestown. Mteja wa studio hakunyemelewa. Alikuja amevaa alichokichagua, akaamua akae au asimame, na kazi ya mpigapicha ilikuwa kumwezesha aonekane kama anavyojijua. Adabu hiyo Barnor aliivusha bahari na kuitumia barabarani. Sisi pia tunazo picha za namna hii majumbani mwetu, za shangazi aliyetangulia Ulaya, amevaa koti zito, amesimama kando ya gari ambalo pengine si lake, zilizotumwa kwa barua ili bibi aone kwamba mwanawe yu mzima. Watu huzicheka, mimi ninaziheshimu, kwa kuwa ndani yake mhamiaji mwenyewe ndiye aliyeamua nyumbani waone nini.

Barnor hakuishia London. Miaka kumi hivi baada ya kuhamia Uingereza alirudi Ghana na ujuzi wa picha za rangi, akashiriki kuanzisha usafishaji wa picha hizo nchini humo, kisha mwaka 1994 akahamia tena Uingereza. Mwaka 2021 jumba la sanaa la Serpentine, katika jiji lile lile la London, lilimfanyia maonyesho makubwa. Nilifurahi sana, na pia iliniuma, kwa kuwa heshima hiyo ilimfikia akiwa amepita miaka tisini.